Waridi lililoondoka na mgongo wa padre

Saa moja na robo asubuhi, Mwika, ukungu bado umekaa juu ya migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya sebule ya nyumba ya matofali, mwanamke aliyevaa suruali ya kaki chini ya khanga anabandika shavu lake la kushoto ukutani, anafumba macho, anatulia.

Ukimwona kupitia dirishani utadhani anasikiliza majirani wanamsema upande wa pili. Upande wa pili hakuna majirani. Kuna migomba na kuku watatu.

"Bado," anasema, huku akibandua shavu. "Huu unatoka jasho."

Anasogea hatua mbili, anabandika shavu la kulia. Anakaa hapo muda wa kutosha kusali Salamu Maria nzima, kisha uso unamfunguka.

"Huu umelala vizuri. Leo unakula rangi."

Anaitwa Zita Kornel, ana umri wa miaka thelathini na tisa, fundi rangi, mkazi wa Rau mjini Moshi. Leo ni Jumamosi, tarehe 21 Desemba 1996. Alhamisi ijayo, siku ya pili ya Krismasi, ukoo mzima wa Bibi Yuditha, mwenye nyumba hii, utajaa ndani ya sebule hii pamoja na padre wa parokia. Kabla ya siku hiyo kuta nne zinatakiwa ziwe zimekauka, zimepakwa mara mbili, zimekauka tena, na zaidi ya yote, zisimwachie mtu kitu mgongoni.

Hilo la mgongoni tutalifikia. Tuanze na rangi yenyewe.

Ni waridi, lakini si lile waridi la pipi. Ni waridi lililokaa kando ya barabara ya Himo kiangazi kizima, malori yakalipita, likapata vumbi na heshima. Kwenye kadi ya rangi limeandikwa jina lake kwa Kiingereza, na mafundi wa mtaa wa Majengo, Moshi, wakalisoma "dasti rozi", likabaki hivyo. Ukienda Majengo leo ukaomba waridi lenye vumbi watakuuliza unatafuta maua au unatafuta fundi.

Rangi za namna hii ni ngeni kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kabla biashara haijafunguliwa, mtu alipaka alichopata.

"Duka la ushirika likileta kijani, kata nzima inakuwa kijani," anasema Zita. "Mzee akitoka kilabuni anaingia nyumba ya jirani, na huwezi kumlaumu."

Ramnik, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na ndiye humuuzia Zita rangi, anakumbuka siku ambazo rafu zake zilikuwa na makopo meupe na misumari. Sasa ana kadi ya rangi yenye vijisanduku zaidi ya sitini.

"Mke anataka hii, mume anataka ile, wanasimama hapa nusu saa," anasema. "Zamani nilikuwa nauza rangi, bwana. Siku hizi nasuluhisha ndoa."

Tatizo ni kwamba kadi imefika Moshi lakini makopo mengine bado yako njiani, na hakuna ajuaye ni njia gani. Dasti rozi ni mojawapo. Kwa hiyo Zita huitengeneza mwenyewe. Ananunua rangi nyeupe ya maji na vichupa vidogo vya rangi kali ya kuchanganyia. Kipimo chake ni kizibo cha soda.

"Kopo la lita nne, vizibo vinne vya nyekundu, kimoja cha kahawia, na nusu ya cheusi," anasema, akikoroga taratibu kama anayepika uji wa mzazi. "Hicho cheusi ndicho kinacholeta vumbi. Ukikosa cheusi umepaka nyumba ya shangazi wa mtu. Ukizidisha, umepaka msiba."

Na lazima achanganye yote kwa pamoja, kwenye ndoo moja. Ukichanganya kwa awamu, ukuta wa kushoto na wa kulia zitafanana kama mtu na shemeji yake.

Zita hakuzaliwa na brashi mkononi. Kwa miaka tisa alihesabu magunia kwenye kiwanda kimoja cha umma, mpaka kiwanda kilipofunga milango mwaka 1991. Alitoka na kiinua mgongo cha shilingi elfu sabini na nne, na watoto wawili waliokuwa wakisoma shule ya msingi. Baba yao alikwenda Mererani kutafuta madini na mpaka leo anatafuta.

"Nilinunua cherehani," anasema. "Shida ni kwamba kila aliyepunguzwa kazi alinunua cherehani. Mtaani kwetu tulikuwa mafundi kumi na mmoja tunavizia suruali moja iliyopasuka."

Siku moja mwenye nyumba aliyempangisha alimleta fundi rangi mmoja wa Majengo, Mzee Shedrack, apake kuta za nje. Zita alikaa na cherehani yake uani akimtazama na kumkosoa: hapo umeruka, hapo imechuruzika, huo mstari unaelekea wapi, Rombo?

"Alinipa brashi ili ninyamaze," anasema. "Nikanyamaza miaka mitatu."

Mzee Shedrack alimfundisha kila alichokijua, na alichokijua kilikuwa kuta za mjini: saruji kavu, jua kali, rangi inakauka kabla hujamaliza kusonya. Miteremko, ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, haikuwamo kwenye masomo.

Kufikia mwaka 1995 Zita alikuwa anapanda na ngazi yake Marangu, Kilema na Mwika. Kila Novemba na Desemba kazi ilikuwa tele, kwa sababu Mchaga aliyeko Dar, Arusha au Mwanza anaweza kusahau mengi, lakini Krismasi hurudi nyumbani, na nyumba lazima iwe imependeza kabla hajafika. Kwa wastani alikuwa akipata shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Binti yake mkubwa, Stella, alikuwa ameingia sekondari.

Ndipo Wenseslaus akamtafuta.

Wenseslaus ni mtoto wa kwanza wa Bibi Yuditha na anafanya kazi Dar es Salaam, bandarini. Alikuwa amemjengea mama yake nyumba ya matofali ndani ya kihamba, shamba la ukoo, pembeni ya jiko la zamani. Mke wake alitaka sebule iwe dasti rozi. Zita alipanda Mwika mwezi wa Novemba kukagua. Alikuta plasta kavu, safi, isiyo na chochote isipokuwa alama za viganja vya wajukuu. Alipima, akaandika vipimo ukutani kwa penseli, akaahidi kurudi baada ya wiki mbili. Wenseslaus naye akasema atamwambia fundi mwashi apake rangi nyeupe ya kwanza.

Aliporudi alikuta kuta nyeupe pe. Akafurahi kwamba fundi mwashi ametimiza. Akafungua ndoo yake, akapaka.

Sasa tumefika mgongoni.

Tarehe 26 Desemba 1995 padre alikuja kubariki nyumba. Alinyunyiza maji ya baraka kila chumba, akasali, akakaribishwa kwenye benchi kando ya ukuta. Alikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, akapokea pombe ya mbege kidogo kwa ajili ya adabu, akaegemea. Alipoinuka kuaga, kanzu yake nyeupe ilikuwa na waridi kuanzia mabegani hadi kiunoni, kama mtu aliyelala bustanini. Na ukutani, pale alipokuwa ameegemea, pakabaki padre mwingine, mweupe, asiye na kichwa.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa jirani, Mzee Ebenezeri, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu ubatizo.

"Padre," alisema, "umeibariki nyumba, na nyumba nayo imekubariki."

Watu walicheka mpaka mbege ikamwagika. Kufikia Mwaka Mpya rangi ilikuwa inabanduka yenyewe na kuanguka sakafuni kama ngozi ya nyoka. Kufikia Januari katikati, miteremko yote ilikuwa na jina jipya la Zita: Mama Maganda.

Wenseslaus alishuka hadi Rau kabla ya kurudi Dar. Zita anasema hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Angenitukana ningepata la kujibu. Alinifungua kiganja, akaniwekea ganda moja la rangi, akasema, 'Dada Zita, hiki ni chako.' Akaondoka."

Ganda hilo bado analo. Limekaa kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Miezi kumi na mmoja iliyofuata hakuna aliyemwita mlimani. Wa mjini nao wakaanza kumuuliza kwanza, ati ni kweli? Kipato kikashuka hadi shilingi elfu tisa kwa mwezi na kodi peke yake ni elfu nne. Akaanza kukaanga maandazi. Hata sokoni Kiboriloni hakupona: muuza ndizi mmoja alimpa mkungu akamwambia, "Chukua hizi, mama, zinabanduka zenyewe, kama kazi yako."

"Nilicheka," anasema Zita. "Ningefanya nini? Ilikuwa inachekesha. Nilipofika nyumbani nikalia, halafu nikazipika."

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakujua kosa lake. Alirudia kazi ile kichwani kama mtu anayetafuta funguo. Kipimo kilikuwa sahihi. Rangi ilikuwa ileile aliyopaka nyumba mbili za Kilema na haikubanduka. Ramnik aliangalia lile ganda kwenye mwanga wa mlango wa duka, akaligeuzageuza, akasema tu, "Rangi yangu haina neno, mama. Rangi imeshika kitu, hicho kitu hakikushika ukuta."

Maneno hayo alitembea nayo mwaka mzima. Mwezi uliopita, Novemba, akapanda Mwika, mikono mitupu, akapiga hodi kwa Bibi Yuditha. Alisema atarudia kazi yote bila malipo ya ufundi. Wenseslaus atoe rangi tu.

"Na nikasema, ikibanduka tena, ngazi yangu naigeuza kuni, narudi kwenye maandazi moja kwa moja. Mtu mwenye jina la Maganda hawezi kuwa fundi rangi. Labda auze viazi."

Bibi Yuditha, mwenye umri wa miaka sabini na saba, hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama chini, kisha akamuuliza kama amekula.

Zita alianza kukwangua tarehe 5 Desemba. Siku ya tatu, nyuma ya mlango, alikwangua waridi, akakuta tabaka nene jeupe. Akakwangua jeupe, na chini yake akakuta mwandiko wa penseli. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe: futi tisa, futi kumi na nne.

"Nilikaa chini," anasema. "Mwandiko wangu uko chini ya weupe. Maana yake huo weupe uliingia baada ya mimi kukagua. Nikachukua kipande, nikakitia mdomoni."

Msomaji usishangae. Fundi mwingine angepeleka maabara. Zita alipeleka kwenye ulimi. Ulimi ukajibu mara moja: chumvi.

Mlimani huku, chokaa ya Krismasi hutiwa chumvi ili ishike. Kila nyumba inafanya hivyo, na kwenye ukuta wa chokaa tupu haina ubaya. Lakini ukiifunika kwa rangi ya maji, kwenye ukungu wa Mwika, chumvi inavuta unyevu usiku na asubuhi, chokaa inalegea, na rangi iliyoishika inaondoka nayo. Ikimkuta padre, inaondoka na padre. Na fundi mwashi hatii chumvi kwenye kazi yake. Chumvi iko jikoni.

Zita alikwenda jikoni. Bibi Yuditha alikuwa anakoroga chungu cha mtori wa ndizi.

"Mama, mwaka jana kabla sijaja kupaka, nani aliingia na chokaa?"

"Chokaa gani?"

"Yenye chumvi."

Bibi Yuditha alikoroga mizunguko mitatu. "Mtori utaungua," alisema.

Zita hakuuliza tena. Alirudi kukwangua.

Asubuhi iliyofuata alikuwa juu ya ngazi aliposikia mtu amesimama chini yake. Alikuwa Bibi Yuditha, amevaa khanga yake ya kanisani, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba. Mchaga aliyekosa akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na hukatai, hata kama alikuchomea nyumba. Kwa kawaida mdogo humletea mkubwa. Bibi wa miaka sabini na saba kumpelekea fundi wa miaka thelathini na tisa ni jambo ambalo Zita hakuwahi kuliona wala kulisikia.

"Nilishuka ile ngazi kwa kasi, vipandio viwili vya mwisho niliviruka," anasema. "Sikutaka anitazame kutoka chini."

Bibi Yuditha alizungumza huku akitazama jani.

"Ulikuwa unakuja mgeni. Fundi kutoka mjini. Na ukuta umejaa mikono ya watoto. Ningekuacha uone uchafu ule, mwanangu? Fundi mwashi hakutokea. Nikapaka mwenyewe, siku mbili, na mgongo huu. Nikatia na chumvi, nisikuletee kazi ya ovyo."

Kwa maneno mengine, alifanya usafi wa heshima, kama anayefagia kabla mfagiaji hajafika.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Wense alikuwa amekasirika. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa ngumu kuliko jana. Halafu wakakupa lile jina. Kila wakilitaja nilikuwa naingia jikoni."

Zita alipokea jani. Hakuomba Bibi aseme kwa watu, na Bibi hakuahidi. Kosa lake mwenyewe, Zita analitaja bila kuulizwa: "Niliona weupe, sikugusa, sikuuliza. Nilifurahi kazi imepungua. Fundi akifurahi hivyo ajue kuna kitu."

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya maji. Kuta zote zilikwanguliwa hadi kwenye plasta, zikaoshwa, na baada ya kila kuoshwa Zita aliuonja ukuta. Ilikuwa katika zoezi hilo ambapo Mzee Ebenezeri alipita dirishani na jembe lake begani.

"Zita! Huo mtori wa ukutani umeiva?"

"Shikamoo, Meku," alijibu, kwa jina la Kichaga la kumheshimu mzee. "Bado una chumvi."

"Ongeza ndizi!"

Ulimi uliridhika baada ya maji ya mara ya nne. Kisha ikaja vita ya kukausha. Zita aliweka majiko mawili ya mkaa katikati ya sebule, madirisha wazi. Alitaka pia migomba inayoegemea ukuta wa nyuma ikatwe ili upepo upite. Bibi Yuditha, pamoja na msamaha wote, alisimama mbele ya migomba kama askari. Walikubaliana kukata majani makavu peke yake. Tangu hapo, kila asubuhi, shavu.

Na leo, tarehe 21, ukuta umelala vizuri. Zita anachovya rola, anaifuta ukingoni mwa ndoo, anaanza kona ya juu kushoto. Waridi linapanda ukutani bila haraka. Bibi Yuditha amesimama mlangoni, mikono nyuma. Na safari hii hajashika kitambaa wala ufagio.

"Mama, ingia."

"Hapana. Nikiingia nitagusa."

Tarehe 23 ukuta unapata mkono wa pili. Tarehe 24 Zita anateremka Rau kwa watoto wake. Tarehe 26 anapanda tena, kwa sababu ameitwa, na kwa sababu hawezi kukaa nyumbani huku mgongo wa mtu unaamua maisha yake.

Nje kuna magari manne ya namba za Dar. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, iko mezani na jani la mgomba chini yake. Ndani wamo watu kama arobaini, na ukiwatazama vizuri kuna jambo la kuchekesha: wote wamesimama katikati ya chumba. Hakuna anayegusa ukuta. Benchi lililokuwa kando ya ukuta mtu amelivuta hadi kwenye zulia. Padre, mtu wa kusamehe lakini si wa kusahau, ameketi kwenye kigoda katikati kabisa, umbali sawa kutoka kila upande, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi.

Kuta zinang'aa kimya, rangi ya jioni ya Agosti. Zita amesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Amejifunga khanga mbili.

Baada ya sala, Wenseslaus anafungua mdomo kukaribisha watu chakula. Hajamaliza. Mama yake anatoka chumbani.

Amevaa blauzi nyeupe. Ni zawadi ya mkwe wake, na hajawahi kuivaa kwa sababu anaiona nyeupe mno kwa mtu mwenye jiko la kuni. Anawapita wote, anakwenda hadi ukutani, palepale alipokuwa ameegemea padre mwaka jana. Anageuka, anaegemeza mgongo wote. Kisha anajisugua, kulia, kushoto, juu, chini, kama ng'ombe aliyepata nguzo.

Wageni wa nyuma wanasimama kwa ncha za vidole wapate kuona.

Anajibandua, anamgeuzia mtoto wake mgongo.

"Wense. Tazama. Kuna nini?"

Wenseslaus anainama, anatazama. "Hakuna kitu, Mama."

"Sema wasikie hadi jikoni."

"Hakuna kitu!"

"Sasa nisikilizeni." Anawageukia, mikono kiunoni. "Mwaka jana haikubanduka kazi ya huyu binti. Ilibanduka chokaa yangu. Nilipaka chokaa na chumvi kabla hajaja, nikamficha. Nikawaficha na ninyi. Mwaka mzima mmemtukana mtoto wa watu, na mimi nimekaa nakula. Jani nimeshampa. Lakini jani nilimpa tukiwa wawili ndani, na jina mlimpa barabarani."

Wenseslaus anamgeukia Zita pale mlangoni. Wa kwanza kusema, kama kawaida, ni Mzee Ebenezeri.

"Kwa hiyo, mama mkwe wa watu, Mama Maganda ni wewe?"

"Ni mimi," anasema Bibi Yuditha. "Lizoee."

Kicheko kinachopasuka hapo kinawafukuza kuku nje. Padre anacheka hadi anafuta macho. Kisha anainuka, anabeba kigoda chake mwenyewe, anakiweka kando ya ukuta, anaketi, na anaegemea kwa nguvu zote, mtu mzima aliyechoka kukaa wima kwa saa nzima.

Na Zita? Zita anakaa chini, hapohapo kwenye kizingiti, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda kilima kirefu. Halii, hacheki. Mtu anamletea sahani, naye anaiweka mapajani na kuisahau.

Wenseslaus anakuja kuchuchumaa mbele yake.

"Dada Zita, lile ganda..."

"Ninalo."

"Nirudishie. Ni letu."

"Sirudishi," anasema Zita, na sasa ndipo anapocheka. "Nitawaonyesha wanaotaka kunifundisha kazi."

Kabla ndafu haijabaki mifupa, watu watatu wamemshika kiwiko: nyumba ya Marangu, nyumba mbili za hapahapa Mwika. Mmoja wao ni Mzee Ebenezeri, anayetaka chumba chake kiwe dasti rozi lakini "ya kiume kidogo". Zita anamwambia ataongeza kizibo cha cheusi. Kwa hesabu yake ana kazi hadi Pasaka. Stella atarudi shule Januari na sare mpya. Anapanga pia kununua ngazi ya bati jepesi, kwa kuwa ile ya mti, pamoja na kunusurika kuwa kuni, inamchubua bega. Na kila nyumba ya mlimani atakayopewa, anasema, ataionja kwanza.

Kuna ukuta mmoja ambao hajawahi kuupaka. Ni wa chumba chake Rau: plasta ya kijivu, msumari mmoja, kalenda ya duka la Ramnik. Kila kopo lililobaki aliliuza au lilikuwa la mwenye kazi.

Jioni, wakati wa kuaga, Bibi Yuditha anamfuata hadi kwenye masale ya mpakani akiwa amebeba ndoo. Ndani imebaki dasti rozi, lita tatu hivi.

"Hii ya kwako. Pasaka nitashuka Rau kukagua. Nitavaa blauzi hiihii."

"Karibu, Mama. Utaegemea popote."

Zita anajitwika ndoo, anateremka hatua chache, kisha anasimama. Amekumbuka kwamba atatembelewa na mgeni, tena mgeni mkubwa, na chumba chenyewe kina alama za mikono ya watoto kila mahali.

"Nitafagia," anasema. "Chokaa sigusi."